Ufunguo wa Nyumba ya Makuyuni

Mmeniuliza wote, tena zaidi ya mara moja, kwa nini tulitoka Tanga watatu tukarudi kwa mafungu, Zaina akitangulia na mimi na Veronika tukifuata siku mbili baadaye. Zaina akiulizwa anasema alichoka. Veronika anasema muulizeni dada Hawa. Dada Hawa ndiye mimi, na nimeona niandike habari hii mara moja niimalize, maana nikisimulia kwa mdomo najua nitajipendelea.

Kwa asiyewajua wenzangu: Zaina ni rafiki yangu tangu darasa la tatu. Ana kisukari na anajichoma sindano ya insulini kila siku. Veronika ni mtu wa maabara katika zahanati anakofanya kazi Zaina. Alihamia hapo mwaka jana. Mimi ni fundi cherehani. Safari hii ya kuendesha baiskeli mashambani, kutoka Handeni hadi Makuyuni, niliiwaza mimi nikamwambia Zaina. Zaina akamwambia Veronika. Niliporudi kuulizia tarehe, nikajibiwa kwamba tutakuwa watatu.

Hatukutaka gesti. Gesti unakula kilichopikwa, saa wanayotaka wao, na Zaina hawezi kula hivyo. Tulitaka nyumba za kupanga kwa siku, zenye jiko, tujipikie wenyewe. Tukagawana kazi ya kuzitafuta. Ya Chanika, pale Handeni, nitafute mimi. Ya Manundu, Korogwe mjini, na ya Makuyuni, njia ya Mombo, atafute Veronika, kwa kuwa babu yake alikuwa mkata mkonge wa Korogwe na bado ana jamaa huko. Mbili kwake, moja kwangu. Hakuna mwingine aliyehesabu hivyo ila mimi.

Tanga hadi Chanika

Baiskeli zilifungwa juu ya keria, sisi tukaingia ndani. Zaina na Veronika wakakaa kiti cha watu wawili. Mimi nikapata nafasi ng'ambo ya njia, jirani na baba mmoja aliyelala begani kwangu kabla hatujatoka mjini. Segera basi lilisimama zaidi ya saa nzima, na sababu hatukuambiwa. Nilishuka nikamnunulia Zaina mayai mawili ya kuchemsha, kama ninavyofanya siku zote tukisafiri. Nilipopanda nikamkuta anamenya yai. Veronika alikuwa amekuja nayo kutoka nyumbani, na chumvi yake imefungwa kwenye karatasi. Nikala yangu yote mawili, ingawa sipendi mayai.

Nyumba ya Chanika ilikuwa ya bibi mmoja wa Kizigua anayeitwa Bibi Mwanamvua, vyumba viwili na jiko nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Kwenye simu nilikuwa nimemuuliza maswali ya maana. Jiko lipo? Lipo, la gesi. Friji ipo? Ipo. Mtungi upo? Akajibu kwa fahari kwamba upo, tena umejaa mpaka shingoni. Hilo neno la shingoni lingepaswa kunishtua.

Tulifika jua limeanza kulala. Tukamwamkia, akatuitikia, akatufungulia jiko. Lilikuwa jiko la gesi kweli, safi kama limetoka dukani jana, na mpira wake unaning'inia hewani.

"Bibi, mtungi uko wapi?" nikauliza.

"Si huo hapo, mwanangu." Akanyoosha mkono pembeni, penye mtungi wa udongo uliofunikwa kwa sahani. "Maji yake ukiyanywa utasahau mengine."

Nikaulizia friji. Akaifungua. Ndani mlikuwa na vitenge na mashuka yaliyokunjwa vizuri sana. "Panya hawaingii humu," akasema. "Iliacha kugandisha siku nyingi."

Zaina alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka pia, lakini macho yangu yalikuwa kwenye mfuko wake wa dawa, maana insulini huharibika kwa joto, na joto la Handeni si la mchezo. Kabla sijafungua mdomo, Veronika alikuwa ameshaizungushia dawa mfuko wa nailoni, akaitia kwenye kopo, akalisimamisha kopo chini kando ya ule mtungi, akalifunika kwa kitambaa kilicholowa. Akaligusa, akasema mpaka asubuhi litakuwa baridi ya kutosha.

"Bila Veronika dawa hii ningeifanyaje?" Zaina akasema.

"Hata mimi ningefikiria hivyohivyo," nikajibu.

Hakuna aliyenibishia, na hilo liliniuma kuliko kama wangenibishia.

Tulipikia mafiga kwa kuni za bibi, dona na kisamvu. Nyumba niliyoitafuta mimi, kosa nililolifanya mimi, na aliyeng'ara ni mwingine. Usingizi ulichelewa kunijia.

Chanika hadi Manundu

Barabara ya Handeni kwenda Korogwe ni lami nzuri, lakini ina vilima, na vilima havionei huruma mtu anayekaa kwenye cherehani kutwa. Kabla ya Misima mnyororo wangu ulikatika. Veronika akashuka, akaipindua baiskeli yangu magurudumu juu, akatoa kifaa chake mfukoni, akatoa pingili moja iliyoharibika na kuunganisha mnyororo upya. Mikono yake ilijaa grisi mpaka kwenye viwiko. Nilimshukuru kwa sauti ile unayomshukuru karani aliyekupa fomu.

Sindeni tulikula mihogo ya kuchemsha na maharage kwa mama mmoja aliyetuuliza kama tunafanya kampeni. Zaina alimwambia tunastarehe. Mama akatuangalia mmoja mmoja, jasho na vumbi letu, akasema, "Haya, kila mtu na starehe yake."

Mbele kidogo tukazuiwa na ng'ombe. Walikuwa wengi, wanavuka bila haraka. Wenzangu walishafika pale zamani. Mimi ndio nilikuwa najikokota kwenye mteremko wa mwisho. Mchungaji wao, Mmasai wa makamo mwenye redio shingoni, alikuwa ameegemea fimbo anazungumza na kina Zaina. Nilipokaribia nikamsikia.

"Mama yenu huyo anakuja. Mbona mmemwacha mzee nyuma?"

Mimi namzidi Zaina mwaka mmoja na nusu. Veronika ndiye aliyekuwa wa kwanza kumsahihisha, kwa adabu kabisa, akasema huyu ni dada yetu mkubwa. Mchungaji akaniomba radhi. Akaongeza, ili kunifariji, "Hao wawili ni mapacha?"

Wakacheka, wakaangaliana. Mapacha. Mmoja Msambaa wa Lushoto na mwingine hata kabila lake limechanganyika na mkonge, na mtu anawaona mapacha. Nilipanda baiskeli kabla ng'ombe hawajaisha, nusura nigongane na ndama.

Tulivuka mto Pangani alasiri. Milima ya Usambara ilikuwa mbele yetu, ya buluu, na Zaina akasimama katikati ya daraja kuiangalia. Tulipokuwa wasichana aliniahidi kwamba siku moja tutaitazama pamoja tukiwa na baiskeli zetu wenyewe. Nilingoja aniite. Akasema, "Veronika, njoo uone."

Manundu

Sitaki kumdhulumu mtu: nyumba ya Manundu ilikuwa nzuri. Ilikuwa na sinki lenye maji ya bomba, friji inayogandisha, gesi imejaa, sufuria za kila kipimo na mwiko mpya. Nilizunguka jikoni nikitafuta kasoro. Nilifungua mpaka kabati la chini ya sinki.

Jamaa yake Veronika alituletea kuku aliyekwishachinjwa na kunyonyolewa. Veronika akaanza kumkatakata. Nami nikauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka sebuleni, "Kachinja nani?"

Akasimamisha kisu. "Jirani yao, Mzee Bakari. Niliwaambia tangu wiki iliyopita kwamba nina wageni Waislamu, wamtafute yeye."

Zaina alinitazama kutoka mlangoni. Alijua, na mimi nilijua anajua, kwamba kila Krismasi nakula pilau kwa jirani zangu wala sijawahi kuuliza kisu kilishikwa na nani.

Magharibi nilikuwa uani natoa kamba za mzigo, simu yangu ikaita. Alikuwa Mama Neema, mwenye nyumba ya Makuyuni. Alisema simu ya Veronika haipatikani, na kweli ilikuwa imezima, ipo kwenye chaji. Amepata msiba Mombo, anaondoka alfajiri. Ufunguo ameuacha kwa Kassimu, mwenye mashine ya kusaga. Tuwahi kesho kabla ya saa nne, kwa sababu baada ya hapo Kassimu huenda shambani ng'ambo ya mto, na ufunguo utakuwa mfukoni mwake.

"Veronika aliniandikia namba yako," akasema. "Alisema wewe ndiye mkubwa wao, nikimkosa yeye nikupigie wewe."

"Pole kwa msiba, mama. Nitamwambia."

Nilipoingia ndani walikuwa wameinamia sufuria, Zaina anaonja mchuzi kwa kijiko cha Veronika. Nikajiambia nitasema tukishakula. Tulipokula nikajiambia nitasema asubuhi. Ukweli ni kwamba nilishaamua pale uani. Nilitaka Veronika asimame mbele ya mlango uliofungwa, mara moja tu, na Zaina amwone. Basi. Sikutaka zaidi ya hapo.

Manundu hadi Makuyuni

Asubuhi nilichelewesha safari. Nilifunga mzigo nikaufungua, nikasema gurudumu halina upepo, nikalijaza, nikarudi tena ndani kutafuta kofia ambayo nilikuwa nimeiweka mwenyewe kwenye begi. Zaina alijichoma sindano yake akala chapati nusu tu na chai ya rangi. Veronika alikuwa amenunua perege, na Zaina alisema anawawekea nafasi samaki hao. Saa sita tutakuwa tumeshapika.

Tuliondoka saa tatu na nusu. Njia ya kwenda Mombo ina malori, unaendesha pembeni ukisikia upepo wao mgongoni. Mkono wa kulia milima, mkono wa kushoto mashamba. Jua lilikuwa kali mapema. Tulifika Makuyuni saa tano imepita.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na mlango wake wa mbao ulikuwa na kufuli kubwa. Veronika akabisha hodi. Akazunguka nyuma. Akapiga simu ya Mama Neema, haikupokelewa. Watu walikuwa mazikoni. Akapiga tena. Akamgeukia Zaina. "Samahani. Sijui kimetokea nini. Tulielewana vizuri kabisa."

Lilikuwa lile jambo nililolitaka, na nililiona lote. Lakini Zaina hakumlaumu. Alimshika mkono akamwambia akae kivulini, mambo haya hutokea.

Maneno yalikuwa mdomoni mwangu. Badala ya kuyasema nikasema, "Ngojeni nikaulize kwa majirani," nikaondoka na baiskeli yangu moja kwa moja mpaka kwenye mashine ya kusaga. Nilidhani nitaufuata ufunguo, nirudi nao, na itaonekana nimewasaidia. Dada mmoja aliyejaa unga kichwani aliniambia Kassimu alitungoja mpaka saa nne na nusu.

"Kwani hamkuambiwa?"

"Simu zilikuwa zinakatika," nikasema.

Mke wa Kassimu akaenda kumfuata kwa miguu. Nikangoja kwenye benchi, mashine inanguruma. Ulipita muda mrefu, karibu saa nzima, ndipo yule mama akarudi na ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga.

Nilipokaribia nyumba nilimwona Veronika amesimama barabarani peke yake, anajifuta macho.

"Amenifukuza," akasema. "Anasema nimemleta huku kumuua. Nimempa maji, ameyamwaga. Dada Hawa, mimi nimemkosea nini?"

Nilimtazama Zaina. Alikuwa amekaa chini penye kizingiti, mtandio umelowa jasho, mikono inatetemeka, anagombana na lile kufuli kana kwamba ni mtu. Veronika ameisoma sukari ya watu wengi kwenye mashine yake. Hakuwahi kuiona ikigombana. Mimi hasira hiyo naijua tangu utotoni. Ilishanirushia daftari, na siku moja ilinifukuza harusini kwangu mwenyewe.

"Hajakasirika," nikasema. "Sukari imeshuka. Kimbia dukani ulete soda."

Akakimbia. Glukosi ya Zaina hukaa kwenye mfuko wa mbele wa baiskeli yangu, na mfuko ule nilikuwa nimezunguka nao kwenye mashine ya kusaga muda wote huo. Nikaikoroga kwenye chupa ya maji. Akageuza uso. Nikamshika kisogo.

"Kunywa kwanza, Zaina. Utanitukana baadaye."

"Wewe nani?"

"Hawa."

Alinikazia macho kwa muda ambao sitausahau, kisha akanywa. Veronika akarudi na soda, akanywa na hiyo. Tukakaa naye kila mmoja upande wake. Baadaye kidogo akajishika mtandio akauliza, "Mbona nimelowa hivi?"

Nikafungua mlango. Veronika akawasha jiko, akachemsha ndizi haraka haraka, Zaina akala. Rangi ilipomrudia alinishika mkono mbele ya Veronika.

"Huyu," akamwambia, "ndiye anayenijua. Asingekuwepo leo ungenizika."

"Nimeona," Veronika akasema. "Mimi nilikuwa naondoka niende zangu. Asante, dada Hawa."

Tangu Segera nilikuwa na njaa ya maneno hayo. Sasa yalikuwa yamewekwa mbele yangu yote, na hayakupita kooni. Nikawaambia. Niliwaambia kuhusu simu ya magharibi, Mama Neema, Kassimu na saa nne, na kwamba asubuhi kofia ilikuwa begini. Niliongea nikiangalia sufuria.

Veronika alizima jiko akatoka nje.

Zaina akauliza, "Ulikula kuku wake ukiwa umeshapigiwa?"

"Ndiyo."

"Ukarudia mchuzi."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayejumlisha. "Kesho narudi Tanga kwa basi. Ninyi mtabaki, nyumba tumechukua mpaka Jumapili."

"Tutarudi wote," nikasema.

"Hapana. Nikirudi na wewe nitakuwa nimemwacha yeye. Nikirudi naye nitakuwa nimekuacha wewe. Mmenichosha kunivuta. Kaeni humu mpikiane."

Makuyuni

Tulimpandisha kwenye basi asubuhi, baiskeli yake ikafungwa juu. Alituaga wote kwa neno moja. Tukarudi kwenye ile nyumba mimi na Veronika, umbali wa baiskeli nne kati yetu.

Siku nzima ya kwanza hatukuzungumza. Jikoni mlikuwa na majiko mawili ya gesi; alipika chake kwenye moja, na mimi nikapika changu kwenye la pili, migongo imeelekeana. Nyumba ya kujipikia ni ndogo sana watu wakinuniana. Ukitaka chumvi lazima uombe. Nilikula mboga isiyo na chumvi.

Siku ya pili mchana nilikuwa nachemsha maji ya ugali, unga kiganja kimoja. Akaja akasimama kando, akaangalia ndani ya sufuria.

"Sijakusamehe," akasema. "Ila ugali wa mtu mmoja haupikiki. Ongeza maji."

Nikaongeza maji. Akaleta unga wake, akausonga yeye, mimi nikakaanga perege waliobaki. Tulikula sahani moja kwa sababu nyingine zilikuwa chafu.

"Unajua kwa nini nilibeba mayai?" akaniuliza katikati ya kula. "Kazini Zaina hamalizi siku bila kukutaja. Hawa angefanya hivi, Hawa anajua hili. Nilikuja safari hii naogopa kama naenda kwenye usaili. Nikasema nikikosea kitu kimoja tu, dada Hawa ataniona sifai."

"Hukukosea hata kimoja," nikasema. "Ndilo lililonichoma."

Alicheka kidogo, bila kutaka. Mimi nikamwomba radhi kwa yale ya kuku, ambayo nilikuwa sijayaombea. Akasema hayo ndiyo yaliyomuuma zaidi kuliko ufunguo. Nikamwambia najua. Nisingependa mdhani kwamba wivu uliniishia hapo sahanini. Haukuisha. Hata sasa nikiwaona wamesimama pamoja kwenye geti la zahanati, hugeuza uso.

Tulikuwa hatujanawa mikono simu ikaita. Ilikuwa ya Veronika, na jina lilikuwa la Zaina. Siku mbili hajanipigia, na sasa anampigia yeye. Nilianza kuinuka ili nioshe vyombo. Veronika akanizuia kwa kiwiko, akabonyeza sauti itoke nje, akaiweka simu mezani katikati ya miiba ya samaki.

"Mmekula?" Zaina akauliza.

"Ndiyo tunakula," Veronika akajibu.

"Kwenye sufuria ngapi?"

Veronika akanitazama. "Moja," nikasema mimi.

Nilisikia watu wanapita kwake, na mwadhini wa msikiti wa jirani.

"Jumatatu nina kliniki," akasema. "Njooni."

Kliniki hiyo, tangu siku ya kwanza alipoambiwa ana kisukari, tumekuwa tukienda wawili, mimi na yeye. Nilikuwa tayari kutoa chochote nisikie akisema njoo. Alisema njooni, na Veronika alikuwa ananingoja mimi nijibu.

"Tutakuja," nikasema.